Ruzuku ya kilimo endelevu hufanyaje kazi? Tujifunze kwa wakulima wa mnanaa

Katika kipindi chetu cha kilimo kuna swali ambalo haliishi. Msikilizaji anapiga simu na kusema, "Nimesikia kuna ruzuku ya kilimo endelevu. Ni nini hasa, na mbona jirani alipewa mimi sikupewa?" Dakika tatu za hewani hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa ulisome taratibu kwenye simu yako.

Tuanze na neno lenyewe. Ruzuku ya pembejeo wengi tunaijua. Hapa Tanzania, tangu msimu wa 2022/23, mkulima aliyesajiliwa hununua mbolea kwa bei iliyopunguzwa. Hiyo inakupunguzia bei ya kitu ambacho ungekinunua vilevile. Ruzuku ya kilimo endelevu ni tofauti. Unasaidiwa ili ubadilishe namna unavyolima: utumie maji kidogo, udongo usichoke, sumu na kuni zipungue. Kwa hiyo ina masharti, na masharti hayo ndiyo ya kuyaelewa kwanza.

Tumechagua zao moja litusaidie kueleza, nalo ni mnanaa. Si kwamba tunakushauri uupande. Ila kwenye zao hili watoaji wa ruzuku wanaonekana wazi: serikali, mnunuzi mkubwa, na mfuko ambao fedha zake zilikatika njiani.

Zao la miezi mitatu au minne

Ule ubaridi unaousikia kwenye dawa ya meno, pipi za kifua na dawa za kuchua hutokana na mentholi. India ndiyo inayoongoza duniani kwa mentholi ya asili, na kitovu chake ni wilaya ya Barabanki, karibu na jiji la Lucknow katika jimbo la Uttar Pradesh. Wakulima wa huko ni watu kama sisi. Kwa wastani shamba la familia katika jimbo hilo halifiki hekta 1.

Mnanaa wao hupandwa kati ya Januari na Aprili, baada ya viazi au ngano, na huvunwa kabla mpunga haujaingia shambani. Majani hayauzwi mabichi. Hupakiwa kwenye tangi kubwa la chuma, mvuke hupitishwa, na mafuta hukusanywa upande wa pili. Hekta 1 hutoa kama kilo 100 hadi 150 za mafuta. Mafuta hayo hayaharibiki upesi, kwa hiyo familia nyingi huyaweka ndani kwenye madumu na kuuza kidogo kidogo, kama mfugaji anavyouza mbuzi mmoja ada ya shule inapofika.

Lakini zao hili lina gharama. Hukua wakati wa kiangazi, na mkulima humwagilia mara 10 au zaidi kwa msimu, mara nyingi kwa kuachia maji yafurike shamba zima. Maji yanatoka chini ya ardhi kwa pampu, na pampu inataka dizeli. Visima vinazidi kwenda chini. Mvua ikiwahi kabla ya mavuno, zao linaoza na mafuta yanapungua. Hapo ndipo watoaji wa ruzuku walipoingia.

Serikali: miche na mafunzo

Lucknow kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa mimea ya dawa na manukato, inayoitwa CIMAP. Mwaka 2017 serikali ya India ilianzisha mpango wa kuendeleza mazao ya manukato, nayo CIMAP ikapewa kuusimamia. Mkulima hapewi fedha mkononi. Anapewa mbegu bora ya mnanaa, anafundishwa, na katika baadhi ya maeneo kikundi hufungiwa mtambo wa pamoja wa kutoa mafuta.

Fundisho lenyewe ni jepesi. Badala ya kufukia vipande vya mizizi kwenye shamba tambarare, mkulima anaanza na kitalu, kisha anahamishia miche kwenye matuta. Maji yanapita kwenye mifereji kati ya matuta, hayafuriki shamba lote. Mavuno yanawahi, na hatari ya kukutwa na mvua inapungua.

Kinachobaki mpango ukiisha ni tuta na ujuzi. Kutengeneza tuta hakuhitaji mfadhili, na dizeli inayookolewa ni ya mkulima mwenyewe. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Mnunuzi: kampuni inayohitaji zao

Mwaka huohuo wa 2017 kampuni ya Mars Wrigley, inayotengeneza pipi na chingamu, ilianzisha mradi uitwao Shubh Mint katika maeneo hayohayo ya Uttar Pradesh. Utekelezaji ulipewa shirika lisilo la faida la Tanager. Wakulima wanafundishwa kilimo bora na matumizi ya maji, na vikundi vya wanawake navyo vimo.

Kwa nini kampuni ya pipi itoe fedha kwa mwenye shamba la nusu hekta? Kwa sababu visima vikikauka, nayo inakosa malighafi. Hilo si baya. Mtoaji mwenye haja na zao lako ana sababu ya kukaa muda mrefu kuliko aliyekuja kupiga picha. Ila fahamu kwamba anayekufundisha anatoka upande uleule wa anayenunua. Uliza mapema kama baada ya mafunzo uko huru kumuuzia mwingine mwenye bei nzuri zaidi.

Marekani: fanya kwanza, lipwa baadaye

Sasa tuvuke bahari. Marekani nayo hulima mnanaa kwa wingi, hasa katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho. Mashamba ni makubwa na yana mashine, lakini ruzuku yao ina fundisho linalotuhusu.

Mkulima wa huko anaweza kuomba mpango wa serikali uitwao EQIP, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 1996. Hauhusu mnanaa peke yake, ni wa mazao na mifugo ya aina nyingi. Unachangia gharama za mambo kama kubadili mfumo wa umwagiliaji au kupanda mazao ya kufunika udongo. Kwa kawaida mchango haupiti asilimia 75 ya gharama. Wanaoanza kilimo na wenye kipato kidogo wanaweza kufikia asilimia 90.

Soma masharti yake mawili kwa makini. La kwanza: ukianza kazi kabla mkataba haujapitishwa, kwa kawaida kazi hiyo hailipiwi. La pili: unalipwa ukishamaliza na kukaguliwa. Wakulima wa kundi lile la asilimia 90 wanaweza kuomba angalau nusu ya fedha mapema, wengine wanatanguliza mfukoni.

Tupige hesabu kwa shilingi zetu. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme mfumo wa umwagiliaji wa matone ni shilingi milioni 4, na ruzuku ni asilimia 75, yaani milioni 3. Unaona unadaiwa milioni 1 tu. Lakini ruzuku inakuja mwisho, kwa hiyo unakopa ile milioni 3 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ukaguzi ukichelewa miezi mitano, riba peke yake ni 450,000. Mchango wako sasa ni milioni 1 na 450,000. Kama matone yanakuokolea dizeli ya 300,000 kwa msimu, utahitaji misimu mitano kurudisha fedha yako. Huenda bado inalipa, ila uamue ukiwa na hesabu hiyo mkononi.

Fedha zilipokatika

Mwaka 2022 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza mpango mwingine mkubwa, wa zaidi ya dola bilioni 3, wa kusaidia wakulima wa mazao mbalimbali kulima kwa njia zinazopunguza uchafuzi wa hewa. Fedha zilipitia vyuo, makampuni na mashirika, kisha ndipo zimfikie mkulima. Aprili 2025 wizara hiyohiyo, chini ya serikali mpya, ilitangaza kuufuta. Ilisema fedha nyingi mno zilikuwa zikiishia kwenye uendeshaji. Miradi iliyoweza kuonyesha kwamba angalau asilimia 65 ya fedha inamfikia mkulima ilipewa nafasi ya kuomba iendelee. Gharama zilizokwisha kuingiwa kabla ya tangazo ziliahidiwa kulipwa. Aliyekuwa amepanga msimu unaofuata kwa fedha hizo alibaki na mpango usio na mlipaji.

Kama hilo linatokea kwa serikali tajiri yenye mikataba ya maandishi, mradi wa miaka miwili unaokuja kijijini kwetu nao unaweza kukatika. Sasa rudi kwenye lile tuta la Barabanki. Mradi ukifungwa kesho, tuta linaendelea kuokoa maji. Mtambo mkubwa unaotegemea mradi ulete fundi na vipuri hauna bahati hiyo.

Ruzuku haizuii bei kushuka

Jambo jingine huwa halisemwi kwenye uzinduzi. Mwaka 2012 mafuta ya mnanaa nchini India yalipita rupia 2,000 kwa kilo. Miaka michache baadaye yakawa chini ya rupia 1,000. Miongoni mwa sababu ni mentholi inayotengenezwa viwandani bila jani hata moja. Ruzuku inaweza kukupunguzia gharama ya kulima, lakini haikuahidi soko. Ndiyo maana wakulima wa Barabanki hawakuacha viazi, ngano na mpunga. Mnanaa wao unakaa katikati ya mazao ya chakula.

Maswali matano kabla ya kuweka sahihi

Haya tunakuomba uyahifadhi kwenye simu, au uyasome kwa sauti kwenye mkutano wa kikundi.

1. Napewa nini hasa: fedha, miche, vifaa au mafunzo? Kiandikwe.
2. Fedha inakuja kabla ya kazi au baada ya ukaguzi? Ikichelewa, nani anabeba riba?
3. Ni kazi gani nisianze kabla mkataba haujapitishwa?
4. Nalazimika kumuuzia mtu fulani? Kwa bei gani, na kwa muda gani?
5. Mradi ukikoma kesho, kipi kinabaki shambani kwangu kinachoendelea kunilipa?

Swali la tano lina uzito kuliko mengine. Jibu likiwa "hakuna", tafakari upya, hata kama kiasi kinachotajwa ni kikubwa.

Tunaongeza tahadhari moja. Mtu akikutaka utume "ada ya fomu" kwa simu ndipo jina lako liingizwe kwenye orodha ya ruzuku, usitume. Peleka kwanza karatasi au ujumbe huo kwa afisa ugani au ofisi ya mtendaji wa kijiji, uliza kama mradi huo unajulikana.

Na yule aliyeuliza kwa nini jirani alipewa? Mara nyingi jibu liko kwenye masharti. Jirani alikuwa kwenye kikundi kilichosajiliwa, au alikuwa na kumbukumbu za shamba: amepanda lini, amemwagilia mara ngapi, amevuna kiasi gani. Anayetoa fedha ili maji yapungue lazima ajue ulikuwa unatumia maji kiasi gani mwanzo. Daftari la kumbukumbu halina gharama kubwa, na unaweza kulianza leo jioni.

Kama una mkataba wa ruzuku ambao hujauelewa, tutumie swali lako kwenye kipindi. Usitutumie namba zako za siri wala picha ya kitambulisho. Tutasoma swali bila kutaja jina lako, na tutamwalika afisa kilimo alijibu hewani ili na wengine wasikie.