Marekani: sheria za majimbo zinavyolazimisha kampuni za umeme kutumia upepo na jua

Nchini Marekani, katika majimbo mengi, kampuni ya umeme haijiamulii peke yake umeme wake utoke wapi. Majimbo karibu 30 kati ya 50 yamewahi kuandika katika sheria kiasi cha umeme ambacho ni lazima kitoke kwenye nguvu zisizokwisha, kama vile upepo na jua, na mwaka ambao kazi hiyo iwe imemalizika. Kampuni inayoshindwa, mara nyingi hulipa faini.

Amri hiyo haikutoka kwa serikali kuu. Wabunge wa Congress walijaribu zaidi ya mara moja kuweka kiwango kimoja kwa nchi nzima. Mwaka wa 2009 muswada wa namna hiyo ulipita katika Baraza la Wawakilishi, lakini ukakwama katika Seneti. Kila jimbo likabaki kujitungia lake.

Iowa ilitangulia

Jimbo la kwanza lilikuwa Iowa, nchi ya wakulima wa mahindi, mwaka wa 1983. Kampuni mbili kubwa za umeme ziliagizwa kupata jumla ya megawati 105 kutoka nguvu zisizokwisha. Kampuni hizo zilipinga, kesi zikafika mahakamani, na miaka zaidi ya kumi ikapita kabla ya agizo kutimizwa. Lakini njia ilikuwa imefunguka. Tangu mwaka wa 2020, zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Iowa hutoka kwenye upepo.

Texas, jimbo la mafuta na gesi, ilifuata mwaka wa 1999. Aliyetia sahihi ni gavana George W. Bush, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya biashara ya mafuta kabla ya kuingia siasa. Sheria ilidai megawati 2,000 mpya kufikia mwaka wa 2009. Mwaka wa 2006 Texas ilikuwa tayari imeipita California na kuwa jimbo la kwanza nchini kwa mitambo ya upepo.

Hesabu inafanywaje

Umeme ukisha kuingia kwenye waya, hakuna anayeweza kutenga ule wa upepo na ule wa makaa ya mawe. Kwa hiyo majimbo yalibuni cheti. Kila kilowati-saa 1,000 zinazotoka kwenye mtambo unaokubaliwa huzaa cheti kimoja. Kampuni isiyo na mitambo yake hununua vyeti kwa wengine, na kila mwaka inavipeleka kwa msimamizi. Huko Texas, kila cheti kilichopungua kiliweza kutozwa faini ya hadi dola 50. Mkubwa wa kampuni alipopiga hesabu, mara nyingi aliona ni heri kununua upepo kuliko kulipa faini.

Hata hivyo, mitambo bila nyaya haifai kitu. Upepo mwingi wa Texas uko magharibi, na watu wengi wako mashariki, katika miji kama Dallas na Houston. Mwaka wa 2005 jimbo liliamua kuunganisha pande hizo mbili. Nyaya kubwa zilizojengwa kufikia mwaka wa 2014 ziligharimu karibu dola bilioni 7, na pesa hizo zinarudishwa na wateja kupitia faktire zao za umeme. Kwa upande mwingine, wenye mashamba ya magharibi wanalipwa kodi kwa kila mtambo unaosimama kwenye ardhi yao.

Wachunguzi wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, wamekadiria kwamba karibu nusu ya ongezeko la umeme wa nguvu zisizokwisha nchini Marekani tangu mwaka wa 2000 linahusiana na sheria hizi. Sehemu hiyo imeshuka miaka ya karibuni, kwa sababu upepo na jua vimekuwa rahisi kwa bei, na kampuni zinavinunua hata bila kusukumwa. Mwaka wa 2023 wabunge wa Texas walipiga kura ya kuondoa ulazima huo, wakati shabaha yake ilikuwa imepitwa zamani.

Sheria iliyonunuliwa

Ohio ilionyesha upande mwingine. Mwaka wa 2008 jimbo hilo lilitaka asilimia 12.5 ya umeme itoke kwenye nguvu zisizokwisha. Mwaka wa 2019 sheria mpya ilishusha kiwango hicho hadi asilimia 8.5, na wakati huohuo ikawapa wateja mzigo wa kuokoa mitambo miwili ya nyuklia iliyokuwa ikipata hasara.

Mwaka mmoja baadaye, spika wa bunge la Ohio, Larry Householder, alikamatwa. Upande wa mashtaka ulisema karibu dola milioni 60 zilizotoka kwa kampuni ya umeme ya FirstEnergy zilitumika kumwinua yeye na kuipitisha sheria hiyo. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 230. Householder alikutwa na hatia mwaka wa 2023, akahukumiwa miaka 20 gerezani.

Texas nayo ilipata somo lake. Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme kwa siku kadhaa, na serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Wanasiasa fulani waliulaumu upepo, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ya gesi ndiyo iliyozimika kwa wingi zaidi. Sheria ilisema umeme utoke wapi. Kwamba mtambo wowote uvumilie baridi, hilo ni jambo lingine.

Inga haingehesabiwa

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ao Kalemie, kuna jambo la kushangaza katika sheria hizi. California, inayotaka asilimia 60 ifikapo mwaka wa 2030, kwa kawaida haihesabu katika kiwango hicho mtambo wa maji unaozidi megawati 30, kwa kuwa ilitaka kusukuma nguvu mpya, si kusifu mabwawa ya zamani. Inga ya kwanza, yenye megawati 351 tangu mwaka wa 1972, ingebaki nje.

Na bado, umeme wa Congo karibu wote hutoka kwenye maji. Kwa asilimia peke yake, nchi hii iko mbele ya majimbo mengi sana ya Marekani. Lakini ni karibu mkaaji mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na jioni jiko la makala ndilo linalowashwa. Sheria ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi na kuweka msingi wa mamlaka ya kusimamia sekta hiyo.

Majimbo ya Marekani yaliziandikia kampuni tarakimu, mwaka na faini. Hapa Congo, umeme safi upo tangu zamani. Tarakimu inayongojewa na wakaaji ni ya nyumba: ngapi zitafikiwa na waya, kufikia mwaka gani, na nani atalipa zisipofikiwa.