Njugu Mawe: Amana Iliyo Mikononi mwa Akina Mama



Njugu mawe twazijua sote: hulowekwa usiku kucha, huchemshwa hadi zikalainika, kisha hutiwa tui la nazi. Asili yake, hata hivyo, ni wachache wanaoijua.

Wengi huzidhania kuwa ndugu wa karibu wa njugu karanga, kwa kuwa zote huzaa chini ya ardhi. La hasha. Njugu karanga zilitoka Amerika ya Kusini; njugu mawe ni mzaliwa wa Afrika na ndugu wa kunde. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa mimea walizikuta zikiota porini upande wa Yola, Nigeria, na Garoua, Kamerun. Kutoka Afrika ya Magharibi mbegu ilienea hadi kwetu, Madagaska na hata Indonesia. Njugu karanga zilipokuja na mafuta mengi ya kukamua na kuuza, mgeni akampokonya mwenyeji shamba.

Tazameni kibaba kimoja: zimo nyeupe, nyekundu, nyeusi na za madoadoa. Sura ya Fatir, aya ya 27, yatutaka tuzingatie matunda ya rangi mbalimbali yatokanayo na maji yale yale ya mvua. Katika njugu mawe, tofauti hizi zina siri. Ua lake hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufanana na mzazi, kizazi baada ya kizazi. Mbegu ya nyumba hii yaweza kustahimili ukame. Ya nyumba ile, kukomaa mapema. Nyumba ikiacha kupanda yake, huenda sifa hiyo ikatoweka, na jirani asiwe nayo ya kumwazima.

Taasisi ya IITA huko Ibadan, Nigeria, imehifadhi sampuli karibu 2,000. Ni kazi ya kushukuriwa, lakini ghala la mbali halijui udongo wa Kwale wala Kilifi.

Kwa hivyo twawausia akina mama na mabinti: kabla ya kupika, tengeni mbegu nzima zisizotobolewa, kila rangi mbali. Zianikeni zikauke vyema, mzitie katika chupa yenye jivu kavu na kuifunga barabara. Mvua zikija, zipandeni, na jirani mumgawie. Mbegu iliyo katika nyumba mbili haipotei upesi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachungaji wema wa neema Zake. Amin.