Mzee akisahau njia ya nyumbani, tusimwite mlozi

Kwetu Rumangabo, mzee mmoja aliyechimba coltan miaka mingi kule Masisi alitoka asubuhi kuteka maji, hakurudi. Tulimkuta jioni kwenye barabara ya Rutshuru, anauliza kama zamu imeisha. Majirani wakaanza kusemasema: amerogwa. Wengine: yeye mwenyewe ndiye mlozi. Siye wa sendika tulikataa, na tunataka kila familia ya mchimbaji ijue sababu.

Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yetu. Na hauna depo ya kuweka akiba. Mchimbaji anaelewa mbio: kule chini, mpira wa hewa ukikunjika, watu wanalegea, kisha wanaanguka. Mishipa ya damu ndiyo mpira ule. Chembe za ubongo ndizo wachimbaji.

Basi kwa mtu anayesahau, mpira umekunjika, ao wachimbaji wamepungua? Miaka ya 1940, Seymour Kety na Carl Schmidt, huko Marekani, walipata njia ya kupima damu inayopita kichwani: mtu anavuta gazi kidogo, wanapima damu inayoingia na inayotoka. Kwa wagonjwa wa kusahau, damu ilionekana imepungua, na oksijeni inayotumika pia. Leo kuna mashini zinazoonyesha hata sukari. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu za nyuma na za pembeni za ubongo zinatumia sukari kidogo: chembe zinakufa, kazi inapungua, damu nayo inapungua. Kwa wengine mishipa ndiyo inaziba ao inapasuka, mara nyingi juu ya tansio ya muda mrefu. Kwa wazee wengi, yote mawili yanakutana.

Chembe iliyokufa hairudi. Lakini mishipa tunaweza kuilinda. Tupimishe tansio na sukari, hata kama hatusikii maumivu. Tupunguze tumbako na kasiksi. Tuzibe masikio penye kelele, maana kutosikia pia kunaongeza hatari ya kusahau.

Na wakubwa wa mashimo: motopompi na jenereta zisishushwe ndani. Moshi wake una kaboni monoksidi, gazi isiyo na harufu, inayoshika damu kwa nguvu karibu mara 200 kuliko oksijeni. Anayepona anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Hilo si la uzee, ni la kazi, na sendika haitanyamaza.

Mtu akianza kusahau, apelekwe kwanza kwa muganga: pengine ni ugonjwa unaotibika.

Mzee wetu walimkuta na tansio ya juu. Anameza dawa, ila kumbukumbu haijarudi. Tumepanga zamu ya kumsindikiza. Kila jioni anauliza kama kazi imeisha. Tunamujibu: imeisha, baba, twende nyumbani.