Gari Kuukuu la Anasa: Injini Ipi ya Kuaminiwa?

Aghalabu mtu anunuapo motokaa iliyokwisha tumika huitazama kwanza rangi yake, viti vyake na matairi yake. Huvutiwa na ngozi laini na mbao zilizong'arishwa, akasahau kuwa kinachokwenda safari ni injini. Wazee wetu walikwisha tuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Onyo hilo lina uzito zaidi kwa gari la anasa. Gari la namna hiyo likizeeka bei yake hushuka sana, hata likalingana na bei ya gari dogo la kawaida. Lakini bei ya vipuri vyake haishuki kwa kadiri hiyo. Familia inayotoa akiba ya miaka mingi kwa ajili ya gari kama hilo yaweza kujikuta imenunua deni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tumeona ni vyema kulinganisha injini za gari moja linalojulikana sana, ili mnunuzi ajue anachokitafuta.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz ya namba 124, aina ya stesheni wagoni, yaani lile refu lililofunikwa bodi hadi nyuma na kuandikwa herufi T. Lilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1985, likaundwa katika mji wa Bremen, Ujerumani, hadi mwaka 1996. Hubeba mizigo mingi, na baadhi yake yana kiti cha tatu cha watoto kinachotazama nyuma. Magari haya sasa ni ya umri mkubwa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri unaopita miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Hivyo yale yauzwayo katika nchi hizo aghalabu yaliingia zamani na kupita mikononi mwa watu wengi. Sifa ya kiwanda peke yake haitoshi.

Injini tutakazozilinganisha zina mambo mawili ya pamoja. Kwanza, zote huendesha valvu zake kwa cheni, wala si kwa mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila baada ya muda. Pili, bloku zake ni za chuma cha kusubu, na kichwa cha silinda ni cha alumini. Alumini hutanuka kuliko chuma ipatapo moto; kwa sababu hiyo injini ikichemka kupita kiasi kichwa hupinda au hupasuka, na gasketi huungua. Adui mkubwa wa injini hizi zote, basi, ni ukosefu wa maji katika rejeta.

Tuanze na injini ya petroli ya silinda sita yenye lita 3.0, iliyofungwa katika 300 TE. Ina valvu 12 na nguvu za farasi zipatazo 180. Sehemu zake za chini, yaani krenki na pistoni, ni imara sana. Udhaifu wake u juu: mipira inayozuia oili kwenye valvu hukauka kwa joto, na gari likiwashwa asubuhi hutoa moshi wa samawati. Kama ni mipira tu, fundi hodari huibadilisha bila gharama ya kutisha. Kama valvu zenyewe zinachezacheza katika njia zake, hapana budi kichwa kifunguliwe. Tena mfumo wake wa kugawa petroli hauvumilii uchafu. Tangi lenye kutu huuharibu.

Mwishoni mwa mwaka 1992 zikaja injini za lita 2.8 na 3.2 zenye valvu 24. Ile ya lita 3.2, iliyofungwa katika E 320, ina nguvu za farasi 220, na ndiyo inayopendwa na wapenda mwendo. Kwa uimara wa chuma chake haina lawama, lakini ina kasoro mbili mashuhuri. Ya kwanza ni gasketi ya kichwa kuvujisha oili upande wa nyuma. Ya pili ni nyaya za umeme za injini zilizotengenezwa takriban kati ya mwaka 1993 na 1995: ganda lake huharibika kwa joto na kumong'onyoka kama udongo mkavu. Hapo nyaya hugusana, injini hutetemeka au kuzima, na vyombo vya elektroniki vya gharama kubwa vyaweza kuungua. Gari ambalo nyaya hizo zimekwisha badilishwa ni gari jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye dizeli. Injini ya silinda tano, lita 2.5, katika 250 TD haina turbo, na nguvu zake ni farasi 90 hadi 94 tu. Kwa gari lenye uzito wa karibu tani moja na nusu, hizo ni chache. Likipakiwa watu na mizigo hupanda mlima polepole. Lakini haihitaji cheche ili kuwaka, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa cheni ya injini yenyewe. Vitu vya kuharibika ni vichache, na mafundi wengi huvielewa. Dada yake ya silinda sita, lita 3.0, ina nguvu zaidi, lakini kichwa chake ni kirefu, na kikichemka hudhurika upesi. Hasa zile za turbo za mwaka 1986 na 1987 zilijulikana kwa vichwa kupasuka.

Je, ipi ishinde? Kwa familia inayotaka gari la kudumu na haina haraka, dizeli ya silinda tano ndiyo ya kuaminiwa kuliko zote. Ya pili tungeiweka petroli ya valvu 12, maana kasoro zake huonekana mapema na hurekebishika. Injini ya valvu 24 ni bora kwa mwendo, lakini inunuliwe na yule tu aliyeonyeshwa hati za kubadilishwa nyaya na gasketi, au aliyetenga fedha za kazi hiyo. Hata hivyo, injini dhaifu iliyotunzwa hupita injini bora iliyotupwa.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afanye haya. Afike asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto pengine anaficha jambo. Aondoe kifuniko cha maji ingali baridi, aangalie kama mna utando wa oili. Aiwashe, asikilize kama cheni inagongagonga, na atazame rangi ya moshi: wa samawati ni oili inayoungua, na mweupe usiokwisha hata injini ipatapo moto waweza kuwa maji yanayoingia katika silinda. Kisha fundi wake mwenyewe apime kompresheni ya kila silinda. Zisipolingana, hapo pana ugonjwa. Asiamini hesabu ya kilomita peke yake, maana mita hurudishwa nyuma au husimama.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu stesheni wagoni. Gari hili lina mtambo wa oili unaoinua sehemu ya nyuma likipakiwa, na pampu yake huendeshwa na injini. Oili ikionekana chini ya gari, fundi ahakikishe kwanza inatoka wapi, ili familia isifunguliwe injini nzima kwa kosa la pampu ndogo.

Mwisho, bei ya kununulia ni malipo ya kwanza tu. Mwenye busara hutenga kando fedha za matengenezo ya mwaka wa kwanza, kisha ndipo anapotazama rangi na viti. Asiyeweza kuzitenga afadhali anunue gari dogo lenye injini nzima, watoto wafike shuleni na mgonjwa afike hospitali.