Sheria za Dhumna kwa Ufupi

Ugomvi mwingi wa barazani hutokana na kutojua sheria za dhumna. Kete ni 28, tangu tupu-tupu hata sita-sita. Wachezaji wanne hushirikiana wawili wawili, kila mtu kete 7. Mwenye sita-sita huanza. Anayefuata hulinganisha kete yake na ncha mojawapo. Asiyekuwa nayo hupitwa. Amalizaye kwanza ndiye mshindi. Mchezo ukifungwa, huhesabiwa nukta. Wenye chache hushinda.

Siri ni hii: kila namba imo katika kete 7 tu. Zikishatoka 6, na ya 7 unayo wewe, ncha hiyo ni yako.

Lakini msichezee fedha za karafuu, na tazameni mawingu. Majamvi yakinyeshewa, mshindi wa barazani ameshindwa nyumbani.