Je, Wajua? Saratani ya Matiti Uzeeni

Je, wajua kuwa bibi aliyekoma hedhi zamani hajavuka hatari ya saratani ya matiti? Hatari hupanda kadiri miaka inavyosonga. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya wanaogunduliwa wamepita miaka 60.

Je, wajua kuwa uvimbe wenyewe mara nyingi hauumi? Kwa hiyo baadhi ya wazee huukalia kimya hadi ngozi ichanike.

Je, wajua kuwa saratani nyingi za matiti za uzeeni hustawishwa na homoni ya estrojeni? Hiyo ni nafuu kubwa, kwani zinaweza kukabiliwa kwa vidonge. Mojawapo ya dawa hizo, tamoksifeni, iliundwa Uingereza mwaka 1962 na mwanakemia Dora Richardson, wakati kampuni aliyoifanyia kazi ikitafuta dawa ya kuzuia mimba. Leo humezwa kwa miaka 5, pengine 10. Lakini mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima amwambie daktari, maana dawa hizo mbili zikikutana huweza kumletea hatari ya kuvuja damu.

Je, wajua kuwa ovari zikishalala, mwili huendelea kutengeneza estrojeni kwenye mafuta? Dawa za anastrozoli na letrozoli huziba njia hiyo. Kasoro yazo ni kudhoofisha mifupa, na mzee akianguka akavunjika nyonga, pengine asisimame tena. Mifupa ipimwe mapema.

Je, wajua kuwa si kila bibi mwenye saratani hii anahitaji tiba ya mionzi? Utafiti wa Marekani uliwafuatilia wanawake 636 wa miaka 70 na zaidi, wenye uvimbe mdogo unaotegemea homoni. Wote walipasuliwa na kumeza tamoksifeni. Nusu yao waliongezewa mionzi. Baada ya miaka 10, saratani ilikuwa imerudi kwenye titi au kwapani kwa wanawake 2 katika kila 100 waliopata mionzi, na kwa 10 katika kila 100 ambao hawakuipata. Urefu wa maisha haukutofautiana.

Je, wajua kuwa miaka peke yake haitoshi kumnyima mzee upasuaji? Daktari makini huangalia anavyotembea, anavyokula, kumbukumbu zake, moyo wake na nani anaishi naye. Na amuulize yeye mwenyewe anataka nini, asiishie kuzungumza na watoto wake tu.

Je, wajua kuwa babu naye huugua? Wanaume ni takriban mgonjwa 1 katika kila 100, na wengi wao wamepita miaka 60. Chuchu iliyozama ndani au inayotoa damu impeleke hospitali.