Kwa nini mwizi wa gari siku hizi anaanzia ndani kwako

Saa 8 usiku, Kashai, Bukoba. Gari liko uani, geti lina kufuli, wewe umelala. Kinachopita kwenye wavu wa dirisha la sebuleni si mtu. Ni fimbo ndefu yenye waya uliopindwa mbele. Inavuka kochi, inafika kwenye meza ya TV, inanasa kitu kimoja tu. Asubuhi unakuta wavu umechanwa, kufuli la geti limekatwa, na uani pako wazi.

Huu ni mfano tu. Lakini kama umewahi kuvuliwa suruali yenye hela kupitia dirishani, hiyo fimbo unaijua vizuri. Kilichobadilika ni kinachovuliwa.

Kwa nini asiibe gari tu huko nje?

Kwa sababu hawezi, au inamgharimu sana. Kwenye magari ya miaka ya 80, mwizi alihitaji bisibisi ya kufungulia mlango na ujuzi wa kuunganisha nyaya chini ya usukani. Dakika chache tu gari limewaka.

Magari ya baadaye yamemfungia njia hiyo. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo, mara nyingi haina hata betri. Ukiingiza ufunguo, koili iliyozunguka swichi inatuma mawimbi ya redio, chipu inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayo na kujibu kwa namba ya siri. Kompyuta ya gari ikiikubali, injini inawaka. Ikiikataa, unaweza kuunganisha nyaya mpaka kuche, gari halitawaka.

Uingereza iliufanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Mwanzoni mwa miaka ya 90 nchi hiyo ilikuwa ikipoteza zaidi ya magari 500,000 kwa mwaka. Kufikia 2013 idadi ilikuwa chini ya 100,000. Ushindi, ndiyo. Ila wezi waliobaki waliona njia rahisi: kama gari haliwaki bila ufunguo, na ufunguo uko ndani, basi twende ndani.

Magari mengi yanayotembea Bukoba na Muleba ni ya Toyota yaliyotumika Japani, na mengi ya kuanzia miaka ya 2000 yana chipu hiyo. Hujui kama lako linayo? Muulize fundi wa funguo. Akikutajia bei moja ya kuchonga na nyingine ya kuuprogramu, unayo.

Kagera ina mambo yake

Kwanza, mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mvua ikishika bati usiku, hata mtu akikata nondo chumba cha pili husikii. Pili, migomba. Kamachumu au Nshamba, kibanja kinaanzia hatua chache kutoka ukutani. Sisemi ukate migomba, bibi yangu angenifukuza nyumbani. Lakini majani makavu yanayoning'inia mbele ya dirisha yaondoe, na taa ya nje imulike upande wa shamba, sio wa barabara tu. (Msimu wa senene watu wako macho na mataa yao usiku kucha. Nadhani mwizi mwenyewe huwa anapumzika.)

Tatu, mpaka. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80 za lami, unapita Kyaka unavuka mto Kagera. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, lakini Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, na magari yao ni yaleyale. Gari la usukani wa kulia likifika kule halishangazi mtu. Likichinjwa spea ndiyo kabisa, taa ya Harrier haina uraia.

Na usidhani soko hilo ni la wenyeji tu. Mwaka 2015 wapelelezi wa Uingereza walifuatilia Lexus iliyoibwa kwao ikiwa na kifaa cha kuonyesha ilipo. Ilipita Ufaransa, Oman, Mombasa, ikaja kuonekana Uganda.

Kwa hiyo muda ndio kila kitu. Gari likiondoka saa 8 usiku na wewe ukagundua saa 12 asubuhi, umempa mwizi saa nne.

Na magari ya kubonyeza?

Alphard, Crown, baadhi ya Harrier: rimoti inakaa mfukoni, unabonyeza tu. Hapa mwizi anaweza asiingie ndani kabisa. Wanakuja wawili. Mmoja anasimama karibu na ukuta wa nyumba akiwa na kifaa kinachonasa mawimbi ya rimoti, mwingine anasimama kwenye gari na kifaa kinachoyatoa upya. Gari linadhani rimoti iko hapohapo, linafunguka na kuwaka. Likishawaka halizimiki kwa sababu tu rimoti imebaki mbali.

Dawa ni ya bei nafuu: kopo la chuma lenye mfuniko unaobana, kama la biskuti. Ila lijaribu kwanza. Weka rimoti ndani, funga, nenda nalo mpaka kwenye mlango wa gari. Mlango ukifunguka, hilo kopo rudishia biskuti zake.

Ufunguo ulale wapi?

Hapa watu hawakubaliani. Mapema 2024 ofisa mmoja wa polisi wa Toronto, Kanada, aliwaambia wananchi kwenye mkutano waache funguo karibu na mlango wa mbele, ili mwizi akiingia achukue aende bila kumdhuru mtu. Alishambuliwa sana. Watu waliuliza, sasa ndiyo tumwandalie?

Mimi naona alikuwa na nusu ya ukweli. Ufunguo ukilala chini ya mto, mwizi anayeutaka atakuja mpaka kitandani, na kitandani kuna wewe, mwenzako na labda mtoto. Lakini ukiuacha mezani karibu na dirisha, au kwenye ule msumari wa nyuma ya mlango ambao kila mgeni anaujua, umemrahisishia hata mwenye fimbo. Katikati ya hapo kuna droo ya jikoni, kabati la vyombo, sehemu isiyoonekana kutoka nje na isiyo chumbani. Kadi ya gari isikae na ufunguo. Mwizi mwenye vyote viwili anaweza kujifanya mwenye gari mbele ya mnunuzi.

Akishaingia na panga na kukuuliza funguo ziko wapi, mwambie. Usijibizane. Gari litatafutwa.

Sheria inasemaje

Kanuni ya Adhabu haihitaji mlango uvunjwe. Kusukuma mlango uliorudishiwa tu, au kuinua dirisha, kunahesabika kuvunja. Na mwizi hahitaji kuingia mwili mzima: kifaa anachotumia kikiwa ndani, ameingia. Yaani ile fimbo ya dirishani inatosha. Kuvunja nyumba kwa nia ya kuiba ni kifungo hadi miaka 14, na usiku, kati ya saa 1 jioni na saa 12 asubuhi, hadi miaka 20. Wizi wa kutumia silaha unaanzia miaka 30.

Kwa hiyo ukienda polisi usiseme tu "nimeibiwa gari". Eleza nyumba iliingiwaje, na usiguse wavu uliochanwa mpaka wauone.

Wakichukua ufunguo, gari wakaliacha

Hii ndiyo watu wengi wanaipuuza. Geti limewashinda, au mbwa amebweka, wakakimbia na ufunguo. Unafurahi gari lipo. Lakini watarudi, na safari hii hawana haja ya kuingia ndani.

Usiku huohuo chomoa waya wa betri au lizibe gari kwa gari lingine. Piga 112, asubuhi chukua RB, mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Kisha tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aufute ufunguo uliopotea. Ukifutwa, chipu yake haiwashi tena injini. Mlango bado utafunguka kwa ule upande wa chuma, kwa hiyo kitasa nacho kinabadilishwa.

Halafu kuna bima. Ile bima ndogo, ambayo wengi wetu tunakata ili trafiki asitusumbue, inalipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Gari lako likiibiwa hailipi chochote. Bima kubwa inalipa, lakini usishangae ukiambiwa ulete funguo zote mbili. Magari mengi ya Japani yanafika na ufunguo mmoja tu. Kama lako ni hivyo, liandike hilo kwenye fomu siku ileile unapokata bima.